Aliyekaza na Apande

Waliosema hasira hasara hawakuwahi kupata bosi anayevaa tai gereji.

Kama ndiyo kwanza unaingia, vuta stuli nikupange kwa pumzi moja. Mimi ni fundi wa magari ya mashindano. Wananiita Mdomo, na jina hilo sikulipata kwa kupiga filimbi. Dereva wetu ni dada yangu, tumbo moja. Aliyetulea ni Mjomba, na ndiye aliyeunda gari letu la kwanza kwa kuunganisha maiti za magari matatu. Tuliliita Bibi Kizee. Lilikohoa, lilifuka moshi, na kwa misimu miwili mfululizo likawalisha vumbi watoto wa matajiri.

Ushindi ni asali, na asali haijifichi kwa nzi. Kampuni moja ya rangi ikatupenda. Ikaleta gari jipya, ovaroli nyeupe, na bosi mpya, Bwana Tai. Bibi Kizee akasukumiwa nyuma ya gereji, akafunikwa turubai kama marehemu. Mjomba akapewa ufagio. Mimi nikapewa kofia za kugawia wageni.

Wiki iliyopita niliwaacha na gurudumu hewani. La mbele, kushoto. Lilichomoka raundi ya pili, likamtangulia Dada kwenye kona kama lina haraka ya kwao, likavunja meza ya muuza soda. Gari likabiringika nyuma yake. Dada alitolewa akiwa hai, paja limevunjika.

Mtaani swali ni moja: nani alilikaza lile gurudumu?

Leo nawaambia. Natamani nisingejua.

*

Asubuhi Tai alitupanga uani kwa mstari, kama wanafunzi waliochelewa. Ukutani nyuma yake lilikuwa bango jipya, wiki nzima liko pale, kubwa kuliko mlango. Picha ya Dada, kapiga goti moja kando ya gari, anacheka, spana mkononi. Ilipigwa siku ile ile ya ajali, wakati wa mapumziko. Chini yake maandishi: RANGI YETU HAIBANDUKI.

Mtu yuko hospitali mguu umening'inizwa, yeye anamning'iniza ukutani.

"Rangi haibanduki," nikasema, "gurudumu je?"

Vijana wa ovaroli nyeupe wakaangalia viatu vyao. Tai akajifanya hakusikia.

"Saa nane wanakuja waandishi wa habari," akasema. "Na msimamizi mkuu wa mashindano. Wanataka kujua nani aligusa gurudumu. Mimi nimeshamjua."

Akanyoosha ufunguo wa gari kama fimbo. Ncha yake ikamwelekea Mjomba.

"Mzee huyu alikatazwa kushika spana. Na siku ya tukio kaonekana karibu na gari."

"Kaonekana anafagia!" nikaropoka. "Si ufagio ulimpa wewe? Ulitaka afagie wapi, mbinguni?"

"Mdomo, jifunge."

"Sijifungi! Mtu ameshika spana miaka yote hii, hajawahi kuangusha hata kifuniko cha tairi. Umekuja wewe na sheria zako za kwenye kiyoyozi, msimu haujaisha dereva yuko kitandani. Halafu mchawi ni yeye?"

Hapa lazima nikueleze jambo, maana ndiyo roho ya hadithi yote hii.

Kwa Mjomba kulikuwa na sheria moja tu. Aliyekaza na apande. Ukifunga gurudumu, ukigusa breki, ukibadilisha usukani, hurudi kunywa chai. Unaingia kiti cha pembeni, unafunga mkanda, dereva anakuzungusha uwanja mzima kwa kasi ya mashindano. Kama umekaza vizuri, mnarudi wote. Kama umekaza kihuni, basi uhuni wako unao mwenyewe. Nilipanda mara ya kwanza nikiwa nimetoka tu shule, na nakuambia, hakuna mtihani wa taifa uliowahi kunifanya nirudie kazi yangu kama kile kiti. Nilikuwa nakaza nati, nakwenda, narudi kuigusa. Nakwenda tena. Narudi tena. Kama mtu aliyesahau kama amefunga mlango.

Kwa sheria hiyo Bibi Kizee hakuwahi kudondosha hata skrubu.

Tai alipokuja, aliifuta siku ya kwanza. "Haya ni mashindano, si harusi," alisema. "Mambo ya kusindikizana basi."

Sasa tumesimama uani, na yule aliyeifuta anamtafuta mwenye makosa.

"Mjomba," nikasema, "mwambie."

Mjomba alikuwa na mkono mmoja mfukoni, anazungusha kitu, taratibu. Hakuniangalia.

"Ni mimi," akasema. "Nilishika spana. Nilikosea."

Vijana wa ovaroli nyeupe wakageuka kumtazama.

"Mmesikia," Tai akasema. "Saa nane atayarudia maneno hayo hayo, na atang'oka hapa kwa heshima."

Kwa heshima! Fundi akubali mbele ya kamera kwamba gurudumu lililomvunja mtoto wake lilitoka mkononi mwake, halafu aende na heshima. Aende nayo wapi? Mtaani walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba mzee alifanya kinyongo kwa sababu ya ufagio.

*

Nilimfuata nyuma ya gereji. Alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, kando ya Bibi Kizee, anafuta taa yake na kona ya turubai.

"Shikamoo muongo," nikasema.

"Marahaba. Kaa."

"Sikai. Mjomba, ile siku hukushika spana. Nilikuwa nagawa kofia zile za kishenzi, na kila nikigeuka nakuona na ufagio. Unamkingia nani?"

"Mpwa wangu, maji yakimwagika, usiulize nani kaangusha ndoo. Uliza nani bado hajalowa."

"Usinipige mafumbo, nimekasirika. Ni mmoja wa wale ovaroli nyeupe, sivyo?"

"Ukimjua utanyamaza. Na wewe kunyamaza utapasuka. Ndiyo maana sikwambii."

"Ni Shemeji!"

Akaacha kufuta taa. Kwangu ilitosha.

Shemeji, mume wa Dada, ni kinyozi. Kinyozi mzuri, sikatai, akikuchonga kidevu unapendeza mpaka mkeo anashtuka. Lakini Tai alimpa usimamizi wa magurudumu kwa sababu moja tu: ovaroli ilimkaa. Kinyozi anasimamia magurudumu! Kwa nini basi mimi nisipewe upasuaji wa macho?

"Mjomba, unajichafua kwa ajili ya yule mnyoa ndevu?"

"Rudi kazini, Mdomo."

Sikurudi. Nilidandia pikipiki ya muuza vipuri, nikaenda hospitali damu inachemka kama rejeta iliyotoboka.

*

Nilimkuta Shemeji kando ya kitanda, anamenya chungwa. Analimenya kwa ustadi, ganda moja refu lisilokatika. Hilo nalo likaniudhi.

"Shem, karibu," akasema. "Habari?"

"Habari unazo wewe. Unamenya chungwa huku Mjomba anachunwa ngozi?"

"Wee," Dada akasema kutoka kitandani. Mguu wake ulikuwa umefungwa kwenye chuma, juu, kama bendera. "Hii ni wodi, si gereji. Punguza sauti."

"Dada, Mjomba amekiri. Saa nane anasimama mbele ya waandishi kusema yeye ndiye aliyekaza gurudumu. Na huyu bwana harusi wako anajua sivyo!"

Ganda la chungwa likakatika.

"Mimi nilikaza," Shemeji akasema. "Wallahi nilikaza, shem. Ile bunduki ya upepo ya kukazia nati ililia trrr, kama nilivyofundishwa."

"Haya! Umesikia, Dada? Amekiri! Twende ukayaseme hayo saa nane, kinyozi wee, la sivyo nakuburuta na hiyo ovaroli!"

Nilimshika kola. Mama mmoja kitanda cha pili akaanza kuita nesi.

"Mwache mume wangu," Dada akasema.

"Simwachi!"

"Mdogo wangu, mwache. Aliyekaza ni mimi."

Nikaiachia kola.

Dada akafumba macho. Akaongea huku amefumba, kama mtu anayesoma kitu ndani ya kope.

"Niliisikia ile bunduki. Ililia vibaya. Mjomba alitufundisha kusikia nati, unakumbuka? Nikajua mbili hazijashika. Nikamwambia huyu aende akalete maji, nisimwaibishe mbele ya wenzake. Nikachukua spana, nikafungua zote tano nizianze upya kwa mkono. Tatu nikazirudisha kwa vidole. Mbili zilikuwa bado chini kwenye mkeka."

"Halafu?"

"Halafu Tai akaniita. Mkurugenzi wa rangi amefika, anataka picha. Picha moja tu, akasema, usiweke spana chini, imekaa vizuri. Nikacheka. Wakapiga. Wakapiga tena. Honi ya raundi ya pili ikalia." Akafumbua macho. "Nikaruka ndani. Nilisahau, mdogo wangu. Kwa sheria ya Mjomba nilikaza na nikapanda. Ila sikumaliza kukaza."

Nikakumbuka mkono wa Mjomba mfukoni, unaozungusha kitu. Alikuwa anafagia. Ufagio ulizikuta nati mbili juu ya mkeka, na gari limeshaondoka.

"Kwa nini usiseme?" nikauliza, ingawa jibu nilikuwa nalo.

Kila mtu wa mashindano analo. Wakati wa mapumziko dereva haruhusiwi kugusa gari, hata kwa kidole. Akigusa, leseni inafungwa misimu mitatu, na ushindi wote wa timu wa mwaka ule unafutwa.

"Daktari amesema mfupa utaunga," Dada akasema. "Mwakani nitaendesha. Lakini misimu mitatu? Nitarudi nani ananikumbuka? Mjomba alikuja hapa. Nilimwambia nitasema ukweli. Akanikataza. Akasema yeye barabara yake imeisha, yangu bado." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa hasira, maana sisi kwetu hata kulia tunalia kwa hasira. "Kwa hiyo usiende kuropoka. Nakujua. Niapie."

"Naapa sitakutaja."

"Apa vizuri."

"Mdomo huu uote nyasi."

Shemeji akanipa kipande cha chungwa. Nikakila. Kilikuwa kitamu, jambo ambalo nalo liliniudhi.

*

Nilirudi gereji nimekabwa na siri mbili. Nikisema, Dada anapoteza kiti. Nikinyamaza, Mjomba anapoteza jina. Na aliyemwita mtu apige picha nati zikiwa chini anapoteza nini? Hata tai yake haijapinda!

Saa nane uani palijaa. Kamera, vinasa sauti, na msimamizi mkuu wa mashindano, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, ambaye enzi zake aliendesha yeye mwenyewe na bado anatembea kama anatafuta gia. Gari la akiba la kampuni lilikuwa limeegeshwa katikati, linang'aa. Mjomba alisimama kando, kavaa shati lake la sherehe, mkono mfukoni.

Tai akaanza. "Ndugu waandishi, uzembe wa mtu mmoja, mzee wetu huyu, ulitugharimu. Atazungumza mwenyewe. Lakini niwahakikishie, timu sasa iko salama. Gari hili litakimbia Jumamosi, na nati zake zote nimezisimamia mimi binafsi, moja baada ya nyingine."

Binafsi! Mtu ambaye ukimpa spana anaishika kama kijiko cha supu.

Niliapa kutomtaja Dada. Sikuapa kingine.

"Bosi," nikasema kwa sauti ya adabu, ile inayowatisha wanaonijua. "Hapa gereji kuna mila. Aliyekaza na apande. Umekaza, panda. Nikuzungushe raundi moja, ndugu waandishi waone usalama kwa macho."

"Mdomo, si wakati wake."

"Au huziamini nati zako?"

Watu wakacheka. Mwandishi mmoja akainua kamera. "Panda bosi, tupate picha!"

Picha. Nilimwona anavyoyumba. Mtu yule angeweza kukataa chakula, usingizi, hata ukweli, lakini picha hakuwahi kuikataa. Akarekebisha tai, akatabasamu, akapanda.

Mjomba akasogea dirishani kwangu. "Mpwa wangu, umekasirika. Shuka."

"Sina hasira, Mjomba."

"Shuka."

Nikakanyaga mafuta.

Uwanja wa majaribio uko nyuma ya gereji, udongo mtupu, kona sita. Kona ya kwanza Tai alikuwa bado anatabasamu. Ya pili akashika mkanda. Ya tatu akashika kila kitu, pamoja na mimi.

"Punguza!"

"Sema Mjomba hakugusa gurudumu!"

"Wewe kichaa! Simamisha gari!"

"Utasema mbele ya watu?"

Kona ya nne gari lilikwenda ubavu. Niliona uso wake umekuwa rangi ambayo kampuni yake haitengenezi.

"Nitasema! Nitasema, hakugusa! Simama!"

Nilijiona nimeshinda. Lakini nikwambie kitu kuhusu hasira: inaendesha vizuri sana, ila haina vioo vya pembeni. Nilichotaka ni Mjomba asafishwe. Sikujiuliza hata mara moja, akisafishwa huyu, wataanza kumtafuta nani.

Nilisimama mbele ya kamera, vumbi likatufunika. Tai akafungua mlango, akadondoka kwa magoti, tai yake iko mgongoni.

"Huyu ni mwendawazimu!" akapiga kelele. "Mnataka ukweli? Haya! Mzee hakugusa! Hakugusa kitu!"

Waandishi wakavamia. Nikamtazama Mjomba nikitegemea tabasamu. Alikuwa amefumba macho.

"Basi nani aligusa?" msimamizi mkuu akauliza, taratibu.

"Mnaniuliza mimi?" Tai akasimama, na woga wake ukageuka hasira. Nikaujua ule mgeuko, maana ni wa kwangu. "Mimi nilimwita tu apige picha! Nilijua keshamaliza! Nani alimtuma dereva ashike spana? Muulizeni dada yake huyu!"

Akaziba mdomo. Alikuwa amechelewa. Kwa sentensi moja alikuwa ameimaliza timu yake mwenyewe.

Vichwa vyote vikageukia ukuta. Bango lilikuwa pale, kubwa kuliko mlango. Dada anacheka, spana mkononi. Mpigapicha mmoja akasogea, akachuchumaa, akaweka kidole kwenye kona ya chini, kwenye mkeka kando ya tairi.

"Hizi si nati?" akasema. "Mbili."

Wiki nzima tulipita mbele ya bango lile. Wiki nzima!

Msimamizi mkuu akavua miwani. Akatembea mpaka dirishani kwangu. Bado nilikuwa kwenye usukani, mkanda umefungwa, injini inanguruma.

"Kijana, zima gari."

Nikazima.

"Wewe ni ndugu yake. Nakuuliza mara moja. Dada yako alishika spana wakati wa mapumziko?"

Kabla sijavuta pumzi, Mjomba akapita katikati ya kamera. Akatoa mkono mfukoni, akaufungua. Nati mbili, zinang'aa kwa kuzungushwa siku zote zile.

"Mama, nati hizi hapa," akasema. "Ile spana dada yake alipewa ya picha tu. Nilizifungua mimi, kabla ya picha. Nilikuwa na kinyongo. Kwa sababu ya ufagio."

Vinasa sauti vikamsogelea mdomoni.

"Mzee," msimamizi mkuu akasema, "unajua ulichosema? Hilo si la mashindano tena. Hilo ni la polisi."

"Najua."

"Ulifungua gurudumu la mtoto wako wa kumlea?"

"Ndiyo," Mjomba akasema.

Yule mama akanigeukia mimi. Vinasa sauti vyote vikanigeukia naye. Tai akanigeukia. Mjomba pia, na macho yake hayakuwa yanaomba, yalikuwa yanaamuru, kama siku ile ya kwanza aliponifungia mkanda kwenye kile kiti cha pembeni.

"Mjomba wako anasema kweli?"

Tangu nizaliwe watu wananiambia ninyamaze. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza uwanja mzima ulikuwa unanisubiri niseme.

Nikafungua mdomo.